Usuluhishi salama wa ndoa, Simiyu

Usuluhishi salama wa ndoa ni namna ya kusikiliza mgogoro wa kifamilia ambapo msuluhishi huchunguza kwanza kama kuna kipigo, vitisho au mmoja kumtawala mwenzake, ndipo aamue kama kikao kifanyike. Tanzania ujuzi huu unawahusu hasa wajumbe wa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inamtaka anayedai talaka apitie huko kabla ya mahakamani. Wachache husamehewa: aliyetelekezwa na mwenza asiyejulikana alipo, kwa mfano, au palipo na mazingira yasiyo ya kawaida. Kipigo hakikutajwa waziwazi, japo kifungu cha 66 kinamkataza mwanandoa kumchapa mwenzake. Pengo hilo wajumbe ndio wanaoachiwa walizibe.

Mkoani Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao makuu yakiwa Bariadi, mizani hulemea upande mmoja hata kabla ya kikao. Mahari ya Kisukuma ni ng'ombe. Mke akiondoka, baba yake anaweza kudaiwa ng'ombe ambao pengine wamekwisha kumwozea kaka mtu, na hapo ndugu zake mwenyewe humsihi arudi. Barazani mawakili hawaruhusiwi, ndugu wanaruhusiwa. Mama akisema "nimekubali, yaishe", huenda amechoka tu.

Ndiyo maana mafunzo huanzia kwenye kukaa. Benchi moja la ofisi ya kata, mume huku, mke kule, halimpi mtu nafasi ya kusema kweli. Mjumbe hufundishwa kuwaita mmoja mmoja, kwa saa tofauti, na kuuliza bila kuzunguka: alikupiga lini mara ya mwisho? Amewahi kukushikia panga? Leo utalala wapi? Hutazama pia nani humwangalia mwenzake kabla ya kujibu.

Akiona hatari, asipatanishe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, ilitaka kesi za ukatili zisipelekwe kwenye usuluhishi kwa hali yoyote. Mama huelekezwa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako hupewa fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Baraza nalo hutoa hati kwamba limeshindwa kusuluhisha. Hati hiyo isipoambatanishwa, na shauri halimo kati ya yaliyosamehewa, mahakama huliona limeletwa kabla ya wakati wake.