Sola ama Upepo kwa Keja Yako? Hesabu za Kufanya Kabla Doo Itoke

Stima ya Kenya ina tabia moja mbaya: inapotea bila kuaga. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Siku hizi kila mtaa una msee anauza paneli, na mwingine ameona video ya turbaini ya upepo anataka kuiweka juu ya paa. Wengi wananunua kwanza, hesabu baadaye. Hapo ndio doo inapotelea. Hii hapa rada yote, mwanzo hadi mwisho.

UPEPO: NOMA LOIYANGALANI, BURE MTAANI

Kenya iko mbele kwa upepo, hiyo hakuna ubishi. Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna turbaini 365 za Lake Turkana Wind Power, kila moja kilowati 850, jumla megawati 310. Ngong nako turbaini za kwanza zilisimama 1993. Ukiziona zikizunguka, unajiuliza: mbona nisiweke yangu ndogo?

Halafu kuna story ya William Kamkwamba wa Malawi. Alitoka shule sababu ya karo, akaingia maktaba ya kijijini, akasoma vitabu vya fizikia, akaunda kinu cha upepo na vipande vya baiskeli na feni ya trakta. Netflix ilitoa filamu yake 2019, The Boy Who Harnessed the Wind, na Chiwetel Ejiofor ndiye aliiongoza. Kitu wengi hawajui: kinu chake cha kwanza kiliwasha balbu kadhaa na redio. Haikuwa stima ya nyumba nzima.

Sababu ni hesabu. Upepo ukipungua nusu, nguvu haipungui nusu, inabaki sehemu moja kwa nane. Turbaini ndogo ikiandikwa "wati 400", hiyo 400 ni kwa upepo wa mita 12 hivi kwa sekunde. Upepo ukiwa mita 6, unabaki na wati 50. Ukiwa mita 4, unapata wati 15 tu, za kuchaji simu na labda balbu moja.

Na mtaani upepo huwa umevunjwavunjwa na maghorofa. Turbaini inataka mlingoti unaopita kila kitu kilicho karibu kwa mita 9 hivi, ndani ya mita 150. Hebu jaribu hiyo Pipeline ama Githurai uone landilodi atasema nini.

Kwa hivyo upepo ni wa nani? Ni wa msee ako na shamba wazi Marsabit, Turkana, Kajiado ama ufuoni Pwani, mahali miti imeinama upande mmoja. Hapo kuchanganya upepo na sola kunaleta maana, kwa sababu jua hulala usiku na upepo haulali. Kule Turkana, upepo huwa mkali zaidi usiku na alfajiri. Kwa wengine wote, jibu ni jua.

JUA: ANZA NA KARATASI, SIO DUKA

Andika kila kitu unachotumia, wati zake na masaa kwa siku. Zidisha. Bedsitter ya kawaida inakaa hivi:

- Taa 4 za LED, wati 7 kila moja, masaa 5: 140
- TV ya inchi 32, wati 50, masaa 5: 250
- WiFi, wati 10, masaa 24: 240
- Laptop, wati 50, masaa 4: 200
- Sabufa, wati 40, masaa 3: 120
- Simu mbili: 30

Jumla ni 980. Hiyo ni karibu uniti moja ya tokeni kwa siku.

Sasa angalia kile hakiko kwa hiyo list. Pasi hula wati 1000 na zaidi. Koili na birika la stima hufika 1500 hadi 2000. Shawa ya maji moto inapita 3500. Hizo ziache kwa KPLC, na kupika uache kwa gesi. Ukitaka sola ibebe koili, bei inaruka mara kadhaa.

VITU VINNE UNAVYOHITAJI

1. Paneli. Kenya tunapata kama masaa 5 ya jua kali kwa siku. Toa asilimia 30 ya hasara za vumbi, joto na waya. Gawanya 980 kwa 3.5, unapata 280. Nunua ya wati 300, na kama unakaa Nairobi ongeza kidogo, maana Julai jua hujificha wiki nzima.

2. Betri. Hapa ndio pesa inaenda. Betri ya asidi ya 100Ah, voti 12, inabeba wati 1200 za saa moja, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila siku unaiua haraka. Kwa hivyo una 600. Usiku wa hiyo bedsitter (taa, TV, sabufa na WiFi) unakula kama 630. Yaani betri itakata ukiwa bado unahitaji. Ya lithiamu ya ukubwa huo unaweza kuitumia hadi asilimia 80, ambayo ni 960. Bei yake iko juu, lakini inachajiwa mara elfu mbili na zaidi, wakati ya asidi huwa imechoka baada ya miaka 2 hadi 4. Ukipiga hesabu ya miaka 8, lithiamu ndio bei rahisi.

3. Chaja kontrola. Hii inakaa kati ya paneli na betri. Ziko aina mbili: PWM na MPPT. Paneli kubwa za siku hizi hutoa voti 30 na zaidi. Ukiziunga na betri ya voti 12 kupitia PWM, unaweza kupoteza hata nusu ya stima. Chukua MPPT.

4. Inverta. Inageuza stima ya betri iwe ya soketi. Vitu vyote kwa hiyo list vikiwaka pamoja havifiki wati 250, kwa hivyo inverta ya 500 inatosha. Usiuziwe ya 3000 ati ndio "iwe na nguvu". Inverta kubwa hula betri hata kama hakuna kitu kimewashwa.

USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Feki ni nyingi River Road, na hata online. Lakini fizikia haidanganywi. Jua kali linaleta wati 1000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri inashika kama asilimia 20. Kwa hivyo wati 300 zinahitaji mita ya mraba moja na nusu. Msee akikuletea "wati 300" unaweza kubeba chini ya kwapa, jua hiyo ni uwongo.

Betri nayo pima uzito. Ya asidi ya 100Ah inakaribia kilo 30. Ukiinua na mkono mmoja bila kutoa jasho, ndani hakuna kitu.

Fundi pia muulize karatasi. Kanuni za sola za 2012 zinasema anayefunga mitambo awe na leseni, na siku hizi ni EPRA wanaitoa. Kama hana, na keja ikichomeka, ni wewe na yeye na hakuna wa tatu.

KAMA UMEPANGA

Ongea na landilodi kabla fundi apande juu ya mabati. Paneli ifungwe kwa fremu inayofunguka, ndio siku ya kuhama uende nayo. Hakikisha ghorofa la jirani haliizibi, maana kivuli kwenye kona moja tu kinaweza kuangusha stima ya paneli nzima. Iinamishe kidogo ili mvua ioshe vumbi, na ifute mara kwa mara.

HAPA USICHEZE

Betri ya asidi hutoa gesi inayoweza kulipuka wakati inachaji. Usilale nayo kwa chumba kimoja kilichofungwa. Weka fyuzi karibu na betri, na utumie waya nene, kwa sababu voti 12 hupitisha ampea nyingi na waya nyembamba unashika moto.

Na usiwahi kuchomeka inverta kwa soketi ya ukuta ndio "iwashe nyumba yote". Stima inarudi hadi kwa laini ya nje, na fundi wa KPLC aliye juu ya mlingoti akidhani laini imezimwa anaweza kufa. Dawa ni swichi ya chenjiova.

SASA, ITALIPA?

Hapa ndio wauzaji huwa hawasemi. Uniti moja kwa siku ni uniti 30 kwa mwezi. Fungua meseji ya tokeni yako uone uniti 30 ni pesa ngapi, halafu ulinganishe na bei ya betri. Kama stima yako haipotei sana, sola ya bedsitter haitakuokolea doo leo wala kesho. Unanunua uhakika, sio punguzo.

Lakini kuna wasee inawalipa haraka. Kinyozi: mashine ya kunyoa hula wati 10 hadi 15 tu, na stima ikipotea Jumamosi jioni wateja wanaenda kwa jirani. Msee wa PlayStation, msee wa kuchapisha karatasi, msee anayefanya kazi za online na dedilaini haingoji. Hao wapige hesabu ya pesa wanayopoteza kila giza likiingia. Na ocha kwa mathe, mahali laini haijafika na taa ni ya mafuta, sola ndogo inabadilisha kila kitu kutoka usiku wa kwanza.

Ukichukua ya kulipa pole pole, kama zile M-KOPA, d.light na Sun King walizoeza Wakenya, jumlisha kabla uweke sahihi. Shilingi 50 kwa siku inaonekana ni ya chai, lakini kwa siku 365 ni 18,250, na deposit bado hujaihesabu. Ukikosa kulipa, mtambo unajizima.

Huna doo ya yote? Anza na WiFi, taa na simu. Hizo tatu ni wati 410 kwa siku, na paneli ya 150 inaziweza siku jua limetoka. Ila kontrola nunua kubwa mapema, ndio ukipata doo uongeze paneli na betri bila kuanza upya.