Ushuru wa Jora na Fundi wa Cherehani: Historia Fupi kwa Wanachama

Katika mkutano mkuu wa mwaka huu mwanachama wetu mmoja, fundi wa cherehani katika soko la Kachibora, alileta mashati mawili ya shule akayatandaza mezani mbele ya Mwenyekiti. La kwanza alilishona mwenyewe kwa jora alilolinunua Kitale. La pili lilitoka ng'ambo limekwisha kushonwa, likiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema, "Ndugu zangu, hili la ng'ambo lauzwa kwa bei ambayo mimi sipati hata kitambaa na vifungo. Nani atanijuza sababu?" Baadhi ya wanachama walijibu kuwa ni mashine za wageni, na wengine wakalaumu wenye maduka. Neno la ushuru lilitajwa mara moja tu, kisha likapita. Halmashauri ikatuagiza sisi wa ofisi tuifuatilie habari hiyo tangu mwanzo wake na kuiandika katika taarifa hii, maana mtu asiyejua mzigo umetoka wapi hawezi kujua autue wapi.

Mambo haya ni ya kale kuliko mji wa Kitale. Katika mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Maskati na Unguja, aliandikiana mkataba na Marekani, na kwa mkataba huo bidhaa za Wamarekani zilitozwa asilimia 5 tu zilipopakuliwa. Uingereza ilifuata kwa mkataba wake wa mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Merikebu za mji wa Salem zilileta nguo nyeupe ngumu ya pamba, nayo ikapendwa pwani na bara hata ikapewa jina la nchi ilikotoka, yaani merikani. Misafara iliichukua mpaka maziwa makuu, ikawa ni nguo na fedha pia, kwa kuwa pembe za ndovu, chakula na hongo ya njia vilihesabiwa kwa mikono ya merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, mwaka 1861 hata 1865, pamba ikaadimika huko, na nguo za Uingereza na za India zikaingia mahali pake. Basi tangu siku hizo mwili wa mtu wa bara ulivikwa kwa nguo iliyopita forodhani, na kila mvaaji alilipa ushuru wake bila kuuona.

Baadaye mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin, mwaka 1884 na 1885, yakaweka ukanda mpana wa biashara huru, nao ulifika mpaka Bahari ya Hindi na kuingiza nchi zetu. Mwaka 1890, huko Brussels, yaliruhusu ushuru wa bidhaa zinazoingia, lakini usizidi asilimia 10. Kizuizi hicho cha asilimia 10 kiliondolewa mwaka 1919 kwa mapatano ya Saint-Germain, ila sharti moja likabaki, kwamba nchi moja isitozwe zaidi ya nyingine. Twaomba msomaji alikumbuke sharti hilo, maana litarudi.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Tawi la Eldoret lilifika mwaka 1924, na la Kitale mwaka 1926. Nchi ya Trans-Nzoia ilikuwa imegawiwa walowezi, na Mwafrika aliishi humo kama kibarua au mkaazi wa shambani. Mabehewa yalishusha majora ya merikani, kaniki na kaki, na mbele ya maduka ya Wahindi wakaketi mafundi, cherehani za Singer zikiwa magotini pa kazi yao. Mteja alinunua kitambaa ndani, akakipeleka barazani, akatoka na kaptura. Hivyo ndivyo amali hii ilivyoingia kwetu. Wengi wa mafundi wa kwanza Waafrika walijifunza kwa kutazama, kwa kufagia baraza na kupiga pasi, kabla ya kuruhusiwa kukanyaga mashine.

Sasa na tutazame nani alisamehewa ushuru siku hizo. Kamati ya uchumi iliyoongozwa na Bowring, mwaka 1922, ilishauri walowezi walindwe, na ushuru uliofuata ukalinda ngano, unga wake, siagi na mbao zao. Zana za kilimo walizoagiza ziliingia bila kutozwa. Lakini nguo za pamba, ambazo mnunuzi wake mkubwa alikuwa Mwafrika, zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizojaza hazina ya forodha. Kwa hiyo tusidhani kwamba msamaha wa ushuru ni jambo geni. Ulikuwapo tangu zamani, ila ulikuwa na mlango wake, na mlango huo haukutazama barazani.

Miaka ya 1930 ilileta nguo rahisi za Japani. Viwanda vya Manchester vililalamika, lakini lile sharti la mwaka 1919 lilizuia kuwatoza Wajapani peke yao. Serikali ikatumia njia nyingine: ushuru wa kiasi maalumu kwa kipimo cha nguo, badala ya sehemu ya thamani peke yake. Wanachama waone hesabu yake. Ikiwa kila kipande chatozwa senti 20, basi kipande cha shilingi 1 kimetozwa sehemu moja ya tano, na kipande cha shilingi 4 kimetozwa sehemu moja ya ishirini. Aliyenunua nguo duni kwa sababu ya umaskini ndiye aliyelipa zaidi kwa kila shilingi yake. Sheria haikutaja maskini wala tajiri, lakini kipimo kilimjua maskini.

Baada ya vita vya pili vya dunia viwanda vya nguo vilianza kujengwa kwetu. Jinja, karibu na umeme wa Owen Falls uliofunguliwa mwaka 1954, kilisimama kiwanda cha Nyanza Textile, na nguo zake zilivuka mpaka zikauzwa Bungoma na Kitale. Baada ya uhuru Kisumu ilipata kiwanda cha pamba, na Eldoret ikapata Rivatex katika miaka ya 1970. Ushuru wa nguo za kigeni, pamoja na vibali vya kuagiza, ulikuwa ukuta wa kuvilinda viwanda hivyo. Siku hizo fundi wa Kachibora aliweza kushona sare za shule kwa kitambaa kilichofumwa mwendo wa saa chache kutoka kwake, kwa pamba ya wakulima wa Busia na kwingineko. Bei haikuwa ya chini, lakini shati la kigeni lililo tayari halikumpita mlangoni.

Ukuta huo ulivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na viwanda vikaanguka kimoja baada ya kingine. Rivatex nayo ilifungwa. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, na baada ya kutiwa mashine mpya ikafunguliwa tena rasmi mwaka 2019. Katika miaka hiyo ya katikati fundi wetu alibaki na cherehani, lakini kitambaa chake kikawa cha ng'ambo tena, kama katika siku za merikani.

Wakati huohuo mlango mwingine wa msamaha ulifunguliwa. Sheria ya mwaka 1990 iliweka maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, kama lile la Athi River. Kiwanda kilichomo huingiza kitambaa bila kulipa ushuru, mradi nguo zake ziende ng'ambo. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, nayo iliruhusu nchi kama Kenya kupeleka huko nguo zisizotozwa ushuru hata kama kitambaa chake kimetoka Uchina au India. Maelfu ya vijana wetu, wengi wao wanawake, walipata kazi kwa njia hiyo, na hatuwezi kuubeza msaada huo. Lakini ulikuwa msaada wa mpangaji: mwenye nyumba aliweza kuuondoa. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba, Marekani ilisimamisha manufaa ya nguo zake mwaka 2018. Nao muda wa AGOA uliowekwa mwaka 2015 ulifika kikomo Septemba 2025.

Tazameni basi ajabu ya mpango huu. Kitambaa kimoja, kutoka kiwanda kimoja cha Uchina, kikienda Athi River kushonewa mtoto wa Marekani, hakitozwi. Kikija Kachibora kushonewa mtoto wa Kachibora, chatozwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza umoja wake wa forodha, tarehe 1 Januari 2005, iliweka ngazi tatu: mali ghafi bila ushuru, vitu vilivyotengenezwa nusu asilimia 10, na vitu vilivyokamilika asilimia 25. Mtu angedhani kitambaa, kwa fundi, ni kitu cha nusu safari. Lakini vitambaa vingi viliwekwa katika ngazi ya juu pamoja na mashati, na kanga na kitenge zikatozwa zaidi. Tarehe 1 Julai 2022 ngazi ya nne ya asilimia 35 iliongezwa, na bidhaa za nguo zilikuwamo katika orodha yake.

Tutoe mfano wa hesabu, si bei za soko. Kitambaa cha shati moja kiwe na thamani ya shilingi 200 bandarini, na kazi ya fundi pamoja na uzi na vifungo iwe shilingi 150. Shati la kigeni lililo tayari liwe na thamani ya shilingi 300. Vyote vikitozwa asilimia 25, la fundi ni shilingi 400, na la mgeni ni shilingi 375. Vyote vikipandishwa hata asilimia 35, la fundi ni shilingi 420, na la mgeni ni shilingi 405. Fundi ameshindwa mara zote mbili, ingawa tumetangaziwa kwamba analindwa. Lakini kitambaa kikisamehewa, la fundi ni shilingi 350, naye ameshinda bila kupunguza ujira wake. Hilo ndilo jibu la sehemu kubwa ya swali la mashati mawili. Kumlinda mshonaji si kupandisha ushuru wa shati tu, bali ni kutazama pia ushuru wa kitu anachokikata kwa mkasi.

Sheria ya forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, yaruhusu msamaha kwa mtengenezaji wa ndani. Hata hivyo mwombaji hutakiwa kuandikishwa, kueleza kiasi cha mali atakachoingiza na kukitolea hesabu, na jina lake na kiasi chake hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya kwa muda maalumu. Kampuni yenye karani na ghala yaweza hayo. Fundi anayenunua jora moja Kitale, kwa mkopo, hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba kitambaa chake kililipiwa ushuru, kwa maana ushuru huo umejificha ndani ya bei. Hakuna aliyemfukuza mlangoni. Hakuwahi kuuona mlango.

Yatupasa pia tuseme neno la upande wa pili, maana historia isiyosema yote ni fitina. Kitambaa cha kigeni kikiingia bure kwa kila mtu, mfumaji wa Eldoret atauza wapi? Na mkulima wa pamba wa Bungoma au Busia, ambaye amekwisha kuumia mara moja, atapanda kwa tumaini gani? Hatutaki fundi wa Kachibora ainuke kwa kumkanyaga mkulima jirani yake. Kwa hiyo msamaha tunaouona kuwa wa haki ni wenye mpaka: kwa vitambaa ambavyo viwanda vyetu havifumi vya kutosha, kwa muda uliotajwa, na kwa mshonaji atakayeonyesha nguo alizozishona. Kitambaa cha Eldoret kikipatikana kwa bei ya kufaa, na kitangulie.

Kutokana na hayo Halmashauri yaleta mbele ya wanachama mashauri matatu. La kwanza, mafundi wa Kachibora na masoko ya jirani wajiunge katika ushirika ulioandikishwa, wanunue majora kwa pamoja, na kila ununuzi uwe na stakabadhi. La pili, daftari moja liwekwe ofisini, liandikwe kila mwezi kiasi cha kitambaa kilichokatwa na idadi ya nguo zilizotoka, ili tukiomba msamaha tuwe na hesabu ya kuonyesha badala ya machozi. La tatu, barua iandikwe kwa Mbunge wetu na kwa Wizara, kuomba kwamba ushirika wa washonaji wadogo uhesabiwe kuwa mtengenezaji mbele ya sheria, kama kampuni inavyohesabiwa.

Yale mashati mawili yamewekwa katika kabati la ofisi, na mwanachama yeyote aweza kuja kuyatazama. Fundi mwenyewe alikataa kurudishiwa lake. Alisema likae hapo mpaka mwaka ujao, naye atakuja na jingine alilolishona kwa jora la ushirika, ndipo bei zao zilinganishwe tena mbele ya mkutano. Daftari limekwisha kununuliwa. Ukurasa wake wa kwanza u tayari, wangoja majina.