David Maillu: Sauti ya Kilungu Iliyoingia Vitabuni

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilikata shauri kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kuliko ardhi yao inavyoweza kubeba. Mifugo ikakamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kikihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu akasimama kuwaongoza watu wake. Umati ukatoka Ukambani kwa miguu, wanaume, wanawake na watoto, ukapiga kambi Nairobi kwa majuma kadhaa ukitaka kumwona Gavana Brooke-Popham. Mwishowe serikali ikalegeza kamba na ng'ombe wakarudishwa. Muindi mwenyewe alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1939, mwandishi David Maillu alizaliwa Kilungu, katika vilima ambavyo leo vimo kaunti ya Makueni.

Nimeanza na Muindi kwa sababu visa kama chake vilisimuliwa kwa mdomo, na mtoto wa Kilungu wa miaka ile alikutana na maneno ya mdomo kabla ya kushika kitabu. Usiku kulikuwa na ngewa, yaani hadithi. Wazee walizungumza kwa nthimo, methali zao. Penye ngoma palikuwa na ngui, mtunzi anayeongoza wimbo, naye alikuwa na ruhusa ya kumsema mtu hadharani, kumsifu au kumwaibisha, mradi aseme kwa ufundi. Upande wa pili wa Ukambani, Kitui, John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, alikuwa ameanza kuandika hadithi hizo. Mutunga na Ngewa Yake kilitoka kwa Kikamba mwaka 1954, na baada ya kukusanya hadithi zipatazo 1,500 alichapisha Akamba Stories mwaka 1966. Mbiti alikuwa mhifadhi. Maillu alitaka sauti ile iendelee kusema, tena iseme mambo ya mjini.

Hakupita chuo kikuu cha Makerere wala cha Nairobi kama wengi wa waandishi wa rika lake. Alijisomea kwa posta, akaajiriwa na shirika la utangazaji la Voice of Kenya kama mchoraji. Ilikuwa miaka ya mjadala mkali. Mwaka 1965 mwandishi Taban lo Liyong alikuwa amelalamika kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Mwaka mmoja baadaye Okot p'Bitek akatoa Song of Lawino, akaonyesha kuwa shairi refu la mtu mmoja anayenung'unika kwa sauti linaweza kubeba taifa zima. Mwaka 1971 Charles Mangua akatoa Son of Woman, na wachapishaji wakagundua kuwa wasomaji wapo, tena wengi, ilmradi waandikiwe maisha wanayoyajua.

Hata hivyo wachapishaji wakubwa hawakumtaka Maillu. Basi mwaka 1972 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akatoa vijitabu vidogo vya kutia mfukoni. My Dear Bottle, cha 1973, ni shairi refu: mlevi wa cheo cha chini anaisemesha chupa yake, anajitetea, anamlaumu bosi, anamlaumu Mungu. After 4:30, cha 1974, kinawapa nafasi wanawake wa ofisini waseme yanayowapata kwa wakubwa wao saa za kazi zinapokwisha. Katika Unfit for Human Consumption, karani Jonathan Kinama anauteketeza mshahara wake kwa pombe na wanawake hadi anajiua. Ukizisoma kazi zake za kishairi kimya kimya utazikuta nyepesi. Zisome kwa sauti, utamsikia ngui amesimama River Road, mtaani Nairobi.

Wasomi wengi wa chuo kikuu hawakumsikia. Chris Wanjala alikuwa miongoni mwa waliokosoa vikali fasihi ya aina hii, wakaiona ya kuchochea ashiki tu. Nami sitasema hawakuwa na hoja, kwani katika vitabu vile mwili wa mwanamke umetandazwa mara nyingi kupita haja ya hoja yenyewe. Lakini walikosea walipodhani hapakuwa na hoja. Karani aliyehesabu senti zake mwisho wa mwezi aliiona Kenya ya uhuru ikimpita, na Maillu ndiye aliyemwandikia. Vitabu vyake vilinunuliwa na maelfu.

Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake. Madeni nayo yakakaba, na Comb Books ikaanguka.

Angeweza kunyamaza. Badala yake akarudi na riwaya. Mwaka 1980, katika mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan, alitoa For Mbatha and Rabeka, na The Equatorial Assignment, ambamo jasusi Benni Kamba anapigana na njama za mataifa ya nje dhidi ya Afrika. Mwaka 1986 ukaja The Ayah, juu ya yaya anayelea watoto wa wenye nacho huku yeye mwenyewe akinyonywa. Mwaka 1989 Without Kiinua Mgongo, na mwaka 1990 Anayekukeep, vikachanganya Kiswahili na Kiingereza kama watu wanavyozungumza ndani ya matatu. Wakati huo kuandika hivyo kulihesabiwa kuwa uchafuzi wa lugha. Leo ni kawaida ya vijana wa jukwaani Nairobi.

Kisha mwaka 1991, Broken Drum: riwaya ya zaidi ya kurasa 1,100 inayosimulia takriban miaka 200 ya Wakamba, jinsi mila zilivyopambana na ukoloni, dini mpya na shule. Ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Ndani yake yule mtunzi wa vijitabu vya mfukoni anamwuliza Mkamba alichouza na bei aliyopewa, kama wazee walivyouliza juu ya ng'ombe wao mwaka 1938.

Kwa hiyo msomaji wa Wote, Mwingi au Kitui mjini, usimhukumu Maillu kwa majalada ya miaka ya sabini. Anza na My Dear Bottle, uisome kwa sauti mbele ya mwenzako, kisha utafute Broken Drum. Na wenye mamlaka ya maktaba katika kaunti za Makueni na Kitui, wekeni vitabu hivyo rafuni, pamoja na vya Mbiti, mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuviazima.