Lenzi ya Fick Imefika Kericho

Lenzi za macho hazikuanza kama urembo. Mwaka 1888 Adolf Fick, daktari Mjerumani aliyekuwa Zürich, aliandika kuhusu lenzi zake za kioo. Alizijaribu kwa sungura, kisha machoni mwake mwenyewe, ndipo akawapa wagonjwa. Kati yao walikuwamo ambao konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ilikuwa imechongoka kama koni.

Ugonjwa huohuo anao mdogo wangu wa miaka 12 hapa Kericho. Miwani haimsaidii tena kusoma ubaoni. Otto Wichterle wa Czechoslovakia alitengeneza lenzi laini mwaka 1961, lakini laini hulala kufuata umbo la konea. Ngumu hubaki na umbo lake, machozi yakijaza pengo. Basi ni lazima azoee ngumu.

Mama yuko shambani akichuma majani chai, kwa hivyo namsimamia mimi. Tunanawa kwa sabuni, tunakausha mikono. Maji ya mfereji hayagusi lenzi.

"Usinishike jicho bana, nitaweka mwenyewe!"

Sawa. Hata Fick alianza na lake. Mimi nashika kioo tu, na kumkumbusha asisugue, maana kusugua huzidisha ugonjwa. Jana alivumilia kwa muda wa saa mbili.