Statini na Mchochota: Historia ya Dawa ya Lehemu

Statini ni dawa za kupunguza lehemu, yaani kolesteroli, katika damu. Zilitafutwa kwa kazi hiyo moja, zikapimwa kwa kazi hiyo, na zilipoingia sokoni ziliandikiwa wagonjwa kwa kazi hiyo. Kwamba zinapoza pia mchochota, ule mwitikio wa mwili unaoleta joto, wekundu, uvimbe na maumivu penye jeraha au vijidudu, ni jambo lililojitokeza baadaye, na mabishano yake hayajaisha.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko dawa. Katikati ya karne ya 19, Rudolf Virchow wa Ujerumani alichunguza kwa hadubini mishipa ya watu waliokwisha kufa. Ndani ya kuta zilizokakamaa aliona mafuta, lakini aliona pia dalili za mchochota, akashikilia kwamba ugonjwa ulianzia hapo. Carl von Rokitansky wa Vienna alimpinga: kwake mchochota ulikuwa tokeo, si chanzo. Mwaka 1913, mjini St Petersburg, Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura lehemu safi iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na mishipa yao ikaota madoa ya mafuta kama ya binadamu. Aliona pia chembe nyeupe za damu zimejikusanya humo. Waliomfuata walikumbuka lehemu, wakasahau chembe.

Ndipo picha ya bomba linaloziba ilipotawala. Kiswahili nacho kimeibeba bila kukusudia, kwa kuwa lehemu ni neno la fundi bati: kile kitu anachokiyeyusha ili kuunga na kuziba matundu. Tatizo la picha hiyo ni kwamba bati halina uhai, ilhali ukuta wa mshipa unao. Ukiguswa hujibu.

Dawa yenyewe ilitoka kwenye ukungu wa nafaka. Akira Endo, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa Japani, alikulia katika familia ya wakulima na tangu utotoni alivutiwa na kuvu na uyoga. Baada ya kusomea mjini New York miaka ya 1960, ambako alishuhudia jinsi maradhi ya moyo yalivyowaandama Wamarekani, alirudi katika kampuni ya Sankyo mjini Tokyo akiwa na wazo lililofuata nyayo za Fleming, aliyegundua penisilini katika ukungu. Vijidudu vingi huhitaji lehemu au vitu vya jamii yake ili kuishi. Basi huenda kuna kuvu wanaojilinda kwa kutengeneza kemikali inayozuia utengenezaji wake. Kuanzia mwaka 1971 yeye na wenzake walipima aina zaidi ya 6,000 za kuvu. Mwaka 1973 wakaipata kompaktini kutoka Penicillium citrinum, ukungu uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto.

Kompaktini ilikaribia kutupwa. Panya walipopewa, lehemu yao haikushuka, na kwa desturi ya wakati ule dawa iliyoshindwa kwa panya haikupewa nafasi ya pili. Endo akageukia kuku wa mayai, kwa sababu yai lina lehemu nyingi na kuku anayelitaga lazima awe nayo tele. Kwa kuku ilishuka, kisha kwa mbwa. Mwaka 1978 daktari Akira Yamamoto wa Osaka alianza kuwapa wagonjwa waliorithi lehemu nyingi kupita kiasi. Miaka miwili baadaye Sankyo ilisitisha mradi kwa hofu ya madhara yaliyoonekana kwa mbwa. Kampuni ya Merck ya Marekani, iliyokuwa imepata dawa ya jamii hiyo hiyo kutoka kuvu mwingine, ndiyo iliyofika sokoni kwanza: lovastatini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Statini huzuia kimeng'enya kimoja katika ini, kile kinachozalisha asidi ya mevaloni. Ini linapopungukiwa na lehemu ya kujitengenezea, huvuta ile iliyomo kwenye damu. Lakini asidi ya mevaloni si malighafi ya lehemu peke yake. Hutoa pia vikia vya mafuta ambavyo protini kadhaa, zikiwemo za jamii ya Rho, huvihitaji ili zishike kwenye utando wa seli na kupeleka ishara. Baadhi ya ishara hizo ndizo huziita chembe nyeupe na kuzifanya zinate kwenye ukuta wa mshipa. Katika maabara, basi, lilikuwa jambo la kutarajiwa kwamba dawa ya lehemu ingegusa mchochota. Kazi ilikuwa kulionyesha kwa watu, maana dozi zinazomwagwa kwenye seli za chupani mara nyingi hupita mbali zile anazomeza mgonjwa.

Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia, uliowahusisha wagonjwa 4,444, ulionyesha kwamba simvastatini hupunguza vifo kwa asilimia 30, na ubishi kuhusu faida ya dawa kwa wagonjwa wa moyo ukazimika. Hapo kipimo cha zamani kikafufuka. CRP, protini inayotengenezwa na ini mwili unapokuwa na mchochota, iligunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Mwaka 1997 Paul Ridker na wenzake wa Boston walionyesha kwamba wanaume wenye CRP ya juu, hata wakiwa wazima, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo. Mwaka 1999 wakaonyesha kwamba pravastatini huishusha CRP, na kwamba kiwango cha kushuka huko hakikwenda sambamba na kushuka kwa lehemu.

Jaribio la JUPITER, lililochapishwa mwaka 2008, lilikusanya watu 17,802 ambao lehemu yao haikuwa ya juu lakini CRP yao ilikuwa imepanda. Rosuvastatini ilipunguza matukio ya moyo na mishipa kwa asilimia 44, na jaribio likakatishwa mapema, kabla ya miaka miwili kutimia kwa washiriki wengi. Wakosoaji walikuwa na hoja. Watu wenye CRP ya chini hawakuingizwa, kwa hiyo hakukuwa na wa kulinganisha nao. Lehemu nayo ilishuka kwa nusu, na hilo peke yake lingeweza kueleza mengi. Tena Ridker alikuwa mmoja wa wavumbuzi waliotajwa katika hataza za matumizi ya kipimo hicho. Tafiti za vinasaba zilizofuata ziliongeza kwamba CRP yenyewe haisababishi ugonjwa: ni mawingu, si mvua.

Jibu lilihitaji dawa ya kupoza mchochota bila kugusa lehemu. Mwaka 2017 kanakinumabu, iliyojaribiwa kwa watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ilipunguza matukio mapya kwa takriban asilimia 15 huku lehemu ikibaki palepale. Maambukizi yenye kuua yaliongezeka, na dawa haikuingia katika tiba ya kawaida ya moyo. Methotreksati, dawa nyingine ya kupoza mchochota, haikusaidia. Kolkisini, dawa ya kale ya jongo, ilisaidia, na Marekani iliiidhinisha kwa maradhi ya moyo mwaka 2023. Kwa upande wa pili, sindano za kisasa zinazozuia protini ya PCSK9 hushusha lehemu bila kuibadilisha CRP, nazo pia hupunguza mishtuko ya moyo. Virchow na Anitschkow kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

Mwaka huo huo wa 2023 yalitoka matokeo ya REPRIEVE, jaribio la watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo. VVU huacha mchochota wa muda mrefu hata vinapofubazwa kwa dawa, na watu hao hupata maradhi ya moyo zaidi kuliko wengine. Pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35, kiasi kilichozidi kile kilichotarajiwa kwa kushuka kwa lehemu pekee. Katika kundi dogo la washiriki wa Marekani lililochunguzwa kwa undani, lehemu iliyooksidika ilipungua. Vipimo vingine kadhaa vya mchochota havikubadilika.