Bima ya dhima ya kitaaluma

nm (ngeli i-/zi-) Bima inayomkinga mtaalamu, kama vile mhandisi, mbunifu majengo au mkadiriaji majenzi, dhidi ya madai ya hasara iliyosababishwa na kosa au uzembe katika kazi ya taaluma yake, ikiwamo kuthibitisha kwa saini na mhuri kwamba jengo limejengwa ipasavyo. Mf. Mshauri elekezi wa jengo la soko jijini Mbeya alitakiwa kuwasilisha bima ya dhima ya kitaaluma kabla ya kusaini mkataba.

Bima ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Dhima ni la Kiarabu. Darasani, dhima huzoeleka kwa maana ya kazi au umuhimu wa kitu (dhima ya fasihi), na ndiyo sababu mwanafunzi huisoma "dhima ya mhandisi" kama majukumu yake tu. Katika sheria ni zaidi ya hapo: ni deni la kuwajibika, linaloweza kudaiwa mahakamani.

Baadhi ya wafasiri huandika "bima ya fidia". Si kosa la sarufi, ila nchini Tanzania fidia imekwisha kushikwa na ardhi iliyotwaliwa na ajali za kazini, kama katika jina la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Dhima ni wazi zaidi.

Kosa zito ni kuchanganya bima na dhamana. Dhamana ya utekelezaji hutolewa na benki au kampuni ya bima kwa niaba ya mkandarasi. Mdhamini akilipa, humgeukia mkandarasi amrudishie. Bima hubeba hasara yenyewe, kwa malipo ya ada. Halmashauri iliyopokea "bima ya utekelezaji" katika tafsiri haijui imepewa kipi. Usajili nao si bima: Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, humtambua mtaalamu, haimlipii madeni.

Nyakati za vitenzi zinahitaji uangalifu. Kwa kawaida bima hii hujibu dai linalowasilishwa wakati bima ingali hai, hata kama kosa lilitendeka kabla, mradi si kabla ya tarehe ya nyuma iliyotajwa katika hati. Kufasiri "makosa yatakayotendeka ndani ya muda wa bima" ni kuahidi kisichokuwamo. Tuseme bweni la shule wilayani Mufindi limekabidhiwa, kipindi cha uangalizi kikaisha salama, na nyufa zikajitokeza mwaka wa 4. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 89, dai la mkataba lina miaka 6, na la madhara nje ya mkataba miaka 3. Mhandisi aliyestaafu mwaka wa 2 na kuacha kulipa ada atakuta mlango wa bima umefungwa huku ule wa mahakama ungali wazi. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, tofauti ya kitenzi kama hiyo si suala la mtindo tena.

Linganisha pia idhinisha, thibitisha, hakikisha. Halmashauri ya Jiji la Mbeya au ya Manispaa ya Iringa huidhinisha michoro na kutoa kibali cha ujenzi. Mtaalamu huthibitisha alichokikagua. Hakikisha na dhamini zina hatari yake: bima nyingi za aina hii hufunika uzembe, wala hazifuniki ahadi ya matokeo ambayo mtaalamu ameitoa kwa hiari. Anayeandika "ninadhamini kuwa jengo hili ni imara" amejitwika mzigo ambao huenda bima yake haiubebi.

Heri: Ninathibitisha kuwa nimeikagua kazi hii na kwamba, kwa kadiri ya ukaguzi wangu, imefuata michoro iliyoidhinishwa.

Tz. pia dhamana, dhima, hati ya malipo, mshauri elekezi.