Mashamba ya Chuo: Mtu wa Omani Mjini Guangzhou na Somo Lake kwa Wachangaji

Jamaa zangu wa karibu na wa mbali, mnafahamu kwamba wale waliosoma katika chuo cha mtaa wetu wamo katika kuchangishana ili kukijenga upya. Boriti zimeoza, dari imeanguka, na chokaa ya kuta imeliwa na chumvi. Daftari la michango limewekwa mikononi mwangu, kwa kuwa ukarani ndiyo kazi niliyostaafu nayo. Katika mazungumzo yetu limezuka swali ambalo halijapata jawabu: je, fedha zote ziingie katika kuta na paa, au sehemu yake inunue kitu cha kukilisha chuo baada ya mafundi kuondoka? Nataka kulijibu kwa historia, nayo historia hiyo inatoka mbali: mji wa Guangzhou, nchini Uchina, ambako leo vijana wetu huenda kununua vitambaa, vyombo na vipuri.

Mji huo si mgeni kwa wazee wetu. Waarabu waliuita Khanfu. Katika kitabu cha Akhbar al-Sin wal-Hind, ambacho sehemu yake ya kwanza iliandikwa mwaka 237 wa Hijria, sawa na 851 Miladia, twasoma kwamba mfalme wa Uchina alimpa Mwislamu mmoja madaraka ya kuhukumu baina ya Waislamu waliokaa bandarini humo. Karne iliyofuata, al-Masudi aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj, yaani pwani yetu, zilipelekwa Omani, na kutoka huko zikasafirishwa hadi Bara Hindi na Uchina. Kwa hiyo mali ya pwani hii ilifika huko zamani sana, na njia yake ilipita katika mikono ya watu wa Omani.

Mmoja wa watu hao anatajwa katika kumbukumbu za dola ya Song kwa jina la Xin Yatuoluo. Hilo ni jina la Kiarabu lililoandikwa kwa matamshi ya Kichina, na wapo wanaoona neno Abdullah limejificha ndani yake. Nchi yake imeandikwa Wuxun, ambayo wanazuoni wengi wanailinganisha na Mazun, jina la kale la Omani, na bandari ya Suhar. Alikaa Guangzhou miaka makumi, akapewa cheo cha heshima cha ujemadari, na mali yake ilihesabiwa kwa mamilioni ya mafungu ya sarafu.

Mwaka 1072 alikwenda kwa mfalme kama mjumbe wa nchi yake. Alipoaga alizawadiwa farasi mweupe pamoja na tandiko na hatamu zake. Naye alitoa fedha zisaidie kutengeneza kuta za mji wa Guangzhou. Serikali ilizikataa. Sababu haikuandikwa, lakini yeyote aliyepata kukaa katika ofisi ya serikali ataelewa kwamba ngome ya mji si jambo la kuachiwa kigogo wa kigeni.

Mchango wake uliopokelewa ulikuwa wa chuo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1070, liwali wa Guangzhou, Cheng Shimeng, alikuwa akikijenga upya chuo cha serikali cha mji, mahali ambapo vijana walisomeshwa maandiko ya Kichina na kutayarishwa kwa mitihani ya kuingia utumishini. Mwenyeji mmoja tajiri, Liu Fu, alitoa mali yake. Yule mtu wa Omani naye alitoa fedha za kukamilisha majengo, kisha akaongeza mambo mawili: mashamba ya kukizidishia chuo pato, na nyumba ya peke yake ya kukusanya watoto wa wageni wapate kusoma.

Hapo kwenye mashamba ndipo ninapotaka mtulie. Kichina wana majina yao kwa jambo hilo. Sisi tungeliita wakfu. Mtu aliyekulia Omani hakuhitaji kufundishwa kwamba mwalimu hali matofali. Mwisho wake mwenyewe haukuwa mwema. Su Zhe, mwandishi na mtumishi wa dola, ameeleza kwamba Xin Yatuoluo alirejea kwao akauawa na mtawala wa nchi yake, na mirathi yake ikawa shauri mbele ya wakubwa wa hazina ya Uchina. Mali aliyojiwekea ikawa ya kugombewa. Aliyokitolea chuo yameandikwa katika habari za mji kwa sifa.

Mji huo huo una mfano wa pili, nao ni wa waliosoma hasa. Chuo cha Lingnan kilianzishwa Guangzhou na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1888, kikakua kuwa chuo kikuu. Mwaka 1952 serikali ilipopanga upya elimu ya juu, jina la Lingnan lilifutwa, na viwanja vyake vya Kangle vikapewa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Majengo ya matofali mekundu hayakubomolewa. Yapo hadi leo. Kuta zilibaki, chuo ndicho kilichoondoka.

Waliosoma hapo hawakuliacha jina life. Mwaka 1967 walifungua Lingnan nyingine Hong Kong, ambayo mwaka 1999 ilipata hadhi ya chuo kikuu. Mwaka 1988, miaka mia baada ya mwanzo wake, chuo chenye jina la Lingnan kilirudi katika viwanja vile vile vya Guangzhou, ndani ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, kwa juhudi za wahitimu wa zamani. Nao wadhamini wa Marekani walikuwa bado wameulinda mfuko wao, ukaendelea kuisaidia elimu huko.

Nawasikia wanaosema kwamba watoto hawawezi kusomea juani. Ni kweli, na paa lazima liezekwe kabla ya masika. Lakini chuo chetu hakikuvunjwa na mvua. Mwalimu wa mwisho aliondoka kwa kukosa posho, mlango ukafungwa, ndipo mvua ikapata nafasi. Tukijenga kuta tu, tutawarithisha wajukuu zetu gofu jipya.

Kwa hiyo naleta shauri hili mbele yenu. Theluthi moja ya kila mchango itengwe, inunue chumba cha duka au shamba la minazi, na pato lake liwe posho ya mwalimu. Hati ya wakfu iandikwe, wasimamizi watajwe kwa majina, na hesabu isomwe hadharani kila mwaka. Daftari liko wazi, na nimeshachora safu mbili: moja ya jengo, moja ya mwalimu. Kila atakayetoa aseme mbele ya mashahidi ni kiasi gani kiingie wapi.